Kutoka darasani, hospitali au stoo kuingia RH hapa Lubumbashi: tuongee ukweli

Mwalimu wa Katuba (mwanzilishi wa uzi)

Jambo wote. Watu wengi wananiandikia kuuliza namna ya kuacha kazi waliyozoea na kuingia idara ya rasilimali watu, RH kama tunavyoiita hapa. Ni walimu, wauguzi, makarani wa stoo, wakalimani wa kampuni za Wachina. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, sasa naona bora niandike hapa ili kila mtu asome na anayejua zaidi aongeze.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari, hesabu na fizikia. Leo ninatumika RH katika kampuni inayotoa wafanyakazi kwa migodi ya upande wa Likasi na Kolwezi. Jina la kampuni tuliache.

Nikimuuliza mtu kwa nini anataka RH, jibu huwa lile lile: "Kwa sababu napenda watu." Ni neno zuri, na asiyependa watu kweli asije. Lakini mfanyakazi anayegonga mlango wako Jumatatu asubuhi ameshika karatasi ya mshahara na anataka kujua saa zake za Jumapili zimekwenda wapi. Usipoweza kumfungulia sheria na kumpigia hesabu mbele ya macho yake mpaka aione mwenyewe, mapenzi yako hayamlishi. Ndiyo maana nasema, tena kwa moyo wote: anayebadilisha njia aanze na mambo mawili, Sheria ya Kazi na hesabu ya mshahara. Kuhoji waombaji, kupanga mafunzo, kusuluhisha ugomvi, hayo yote yanasimama juu ya hayo mawili.

Sheria yenyewe, ya hapa Kongo, ni ile nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria nambari 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016. Isome yote, kifungu kwa kifungu, usitegemee muhtasari wa WhatsApp. Nawapa vifungu ambavyo mimi navigusa karibu kila siku.

Vibarua wanaolipwa kwa siku. Hapa mjini kila uwanja wa ujenzi unao, na kampuni nyingi za huduma za migodi zinao. Sheria inasema kibarua akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake mpya unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo. Siku 22, basi. Mtu wa RH asiyehesabu siku hizo anaiwekea kampuni yake kesi, na anamnyima baba wa watoto haki ambayo pengine hata haijui. Daftari la mahudhurio ya vibarua ndilo kitu cha kwanza ninachofungua kila asubuhi.

Mkataba wa muda maalum. Hauzidi miaka miwili. Kama mfanyakazi ana mume au mke na kazi inamtenga na familia yake, hauzidi mwaka mmoja. Hebu fikirieni ni wangapi wanalala kambini mbali na nyumbani wakati mkewe yuko hapa Kampemba. Unafanywa upya mara moja tu. Na kama mkataba haukuandikwa, sheria inauchukua kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vingine.

Muda wa majaribio. Hauzidi mwezi mmoja kwa mfanyakazi asiye na ufundi maalum, na miezi sita kwa wengine, na ni lazima uandikwe. Kumweka mtu "majaribio" mwaka mzima hakuna jina jingine ila kuvunja sheria.

Notisi ya kuachishwa kazi. Mwajiri anatoa siku 14 za kazi, anaongeza siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Aliyetumika miaka sita: 14 jumlisha 42, ni siku 56 za kazi. Mfanyakazi akiondoka mwenyewe, nusu yake, 28. Mkataba wa pamoja wa kampuni, ule wa mwajiri na vyama vya wafanyakazi, ukitoa zaidi, unafuata ule ulio bora kwa mfanyakazi.

Upande wa mshahara, jifunze mchango wa CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kwanza: asilimia 5 inatoka kwa mfanyakazi na asilimia 13 kwa mwajiri. Mtu wa franka 1,000,000 anakatwa 50,000, kampuni inaongeza 130,000 juu. Baada ya kuondoa CNSS ndipo unapiga kodi ya mapato, ambayo inakwenda kwa ngazi na inapungua kulingana na watu anaowalea. Saa za ziada nazo: wiki ni saa 45, saa sita za kwanza zinazozidi hapo zinaongezewa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na za siku ya mapumziko ya juma asilimia 100. Halafu ujue kwamba sheria haihesabu posho ya nyumba na ya usafiri kuwa sehemu ya mshahara wenyewe. Ukichanganya hapo, karatasi nzima imeharibika, na kosa lako linajirudia kwa watu mia tatu siku moja.

Ulizeni. Najibu jioni nikitoka kazini.

Mwana Ruashi

Miye natumika ku kampuni moya ya makamyo. Minaona ba-RH kazi yabo ni moya: kufukuza batu. Patroni akisema huyu atoke, RH anatafuta tu karatasi ya kumutosha. Sasa Mwalimu, unatuambia tuache kazi yetu tukakuwe mukono ya patroni?

Mwalimu wa Katuba

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitaki kulizunguka. RH analipwa na mwajiri. Anayekuambia kwamba RH ni mtetezi wa wafanyakazi anakudanganya. Mtetezi wako ni mjumbe wa chama ulichokichagua, na nje ya kampuni ni Inspekta wa Kazi wa serikali. Mgogoro wowote wa mtu mmoja na mwajiri unapita kwanza kwa Inspekta kwa upatanisho kabla haujafika mahakama ya kazi.

Lakini angalia hiyo karatasi unayoisema. Kosa zito lina muda wake: mwajiri akishajua tendo, ana siku 15 za kazi kutoa uamuzi wake kwa maandishi. Zikipita, hawezi tena kulitumia. Na kabla ya hapo kuna barua ya kuomba maelezo, ambapo mfanyakazi anaandika upande wake. Mtu wa RH anayejua kazi ndiye anayemwambia mkubwa, "Hapana, huyu hatujamsikiliza bado," au "Muda umepita, hatuna haki." Mimi nimeyasema maneno hayo mbele ya wakubwa wangu. Hawakufurahi, ila walisikia, kwa sababu nilikuwa na kifungu mkononi na niliwaonyesha kesi itagharimu kiasi gani. Ukiwa na huruma bila kifungu, wanakuambia "asante, funga mlango." Kwa hiyo anayeona namna mafundi na madereva wanavyoonewa, huyo hasa ndiye ninayemtaka aingie RH. Viti vile havikai wazi. Asiyejali haki akikikalia, atakikalia miaka ishirini.

Dada wa Mabarozi

Mwalimu, asante sana. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya cha kampuni, nina diploma ya A1. Nimechoka na zamu za usiku, na watoto wanakua bila kuniona. Ila naogopa. Nimesoma uuguzi, sheria sikuisoma, hesabu ya mshahara sijawahi kuigusa. Je, kuna kitu chochote cha uuguzi kinachonifaa kule, au naanza sifuri?

Mwalimu wa Katuba

Dada, unaingia na mali ambayo wengi wetu hatuna. Nikutajie.

Siri. Wewe umeapa kutunza siri ya mgonjwa, na unaitunza hata mbele ya mume wa mgonjwa. Katika RH utashika mishahara ya watu wote, barua za onyo, maombi ya mkopo, habari za ndoa zilizovunjika. Siri ikitoka mara moja tu kwenye ofisi ya RH, hakuna anayekuja tena kusema neno, na ofisi isiyoambiwa kitu inafanya maamuzi gizani. Makarani wengi wanajifunza jambo hili baada ya madhara. Wewe unalo tayari.

Tena kuna siri unayoweza kuilinda kuliko sisi. Wakubwa wanapenda kuuliza "anaumwa nini huyu?" Kinachotakiwa kufika RH ni kama mtu anafaa kwa kazi hiyo au hafai, na kwa muda gani. Ugonjwa wenyewe unabaki kwa daktari. Kuhusu virusi vya UKIMWI, sheria nambari 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inawalinda wanaoishi navyo, na kumpima mtu kwa nguvu ili apate kazi ni marufuku. Muuguzi akikaa kwenye meza ya RH, mambo hayo yana mlinzi.

Zamu. Unajua kupanga watu wa usiku na wa mchana bila kumchosha mmoja. Migodini ratiba za kupokezana ndizo zinazoleta nusu ya malalamiko.

Kuandika. Faili ya mgonjwa na faili ya mfanyakazi ni ndugu: tarehe, kilichoonekana, kilichofanywa, sahihi. Hakuna "nadhani," hakuna matusi. Barua ya onyo iliyoandikwa hivyo inasimama mbele ya Inspekta.

Na likizo ya uzazi unaijua kutoka upande wa mama: wiki 14 mfululizo, zisizozidi 6 kabla ya kujifungua na 8 baada yake, na theluthi mbili za mshahara. Usishangae ukikuta ofisi ambayo wanaume wake hawajui hata hizo 14.

Unachokosa ni Sheria ya Kazi, hesabu ya mshahara na Excel. Hivyo vitatu vinafundishika.

Karani wa Stoo

Excel kiasi gani? Mimi najua kuandika orodha na kujumlisha tu.

Mwalimu wa Katuba

Kujumlisha hakutoshi. Ujue kutafuta jina kutoka karatasi moja hadi nyingine, kuweka masharti (kama siku zimefika 22, seli iwe nyekundu), kufupisha jedwali la watu mia tano kwa idara na kwa mwezi. Kampuni kubwa zina programu za mishahara, Sage kwa mfano, lakini mashine inameza unachoipa. Piga karatasi ya mshahara kwa mkono, kwa kalamu, mpaka jibu lako lilingane na la mashine. Ukifika hapo hakuna anayeweza kukudanganya.

Wewe wa stoo una kitu kingine: umezoea kuhesabu kilichoingia na kilichotoka na kuwajibika kwa tofauti. Ukaguzi wa CNSS ukija, mtu wa namna yako analala bila wasiwasi.

Kasapa Milele

Naomba kupinga kidogo. Mimi nimesoma saikolojia ya kazi UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Tumekaa miaka tukijifunza tabia ya mtu kazini, vipimo, uteuzi, motisha. Halafu anatokea mtu na kozi ya miezi michache anasema naye ni RH. Kusoma vifungu na Excel hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu. Ndiyo maana kampuni nyingi RH yao ni ofisi ya mishahara tu, hakuna anayefikiria nani atachukua nafasi ya fundi mkuu akistaafu.

Mwalimu wa Katuba

Kasapa Milele, hapo umenigusa na nakubali nusu. Kupanga watu wa miaka mitano ijayo, kupima uwezo bila upendeleo, kuelewa kwa nini timu nzuri inavunjika, hayo yanahitaji masomo, na waliosoma kama wewe tunawahitaji. Mimi mwenyewe ninasoma jioni. Ambapo sikubaliani ni mpangilio. Nimeona wahitimu wenye nadharia nzuri sana ambao wafanyakazi hawawasikilizi, kwa kuwa mwezi wa kwanza waliulizwa swali la likizo wakasema "nitarudi kwako." Kwa sheria, mtu mzima anapata siku moja ya kazi ya likizo kwa kila mwezi wa utumishi, na siku moja zaidi kwa kila miaka mitano. Mwenye miaka kumi ana 12 na 2, yaani 14. Likijibiwa hapo hapo, mlango wa motisha unafunguka.

Kuhusu kuhoji waombaji, nyinyi wa saikolojia mna neno la kutufundisha, tafadhali liandike. Mimi ninachofanya: kila mwombaji wa nafasi moja anapata maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, na alama tunaandika kila mmoja peke yake kabla ya kuzungumza. Swali langu kubwa ni "Nisimulie mara ya mwisho ulipokutana na jambo hili, ulifanya nini?" Siulizi "ungefanya nini?" kwa sababu kila mtu ni hodari katika hadithi ya kesho.

Kasapa Milele

Uko sahihi kuhusu maswali. Naongeza moja: kabla ya kutangaza nafasi, nenda ukamtazame anayeifanya. Maelezo ya kazi yanayoandikwa ofisini bila kufika gereji yanaleta mtu asiyefaa. Na alama za majaribio ya mikono zina uzito kuliko mazungumzo, hasa kwa mafundi ambao Kifaransa chao ni kidogo. Fundi mzuri wa kuchomelea hapaswi kukosa kazi kwa sababu hawezi kujieleza kwa Kifaransa mbele ya watu waliovaa tai.

Mzee wa Kamalondo

Vijana, nimewasoma na nimefurahi. Nilitumika ofisi ya wafanyakazi miaka mingi, sasa nimepumzika. Niwape kidogo ya historia, maana hii kazi mnayoiita RH mji huu uliijua mapema.

Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya shaba, ilianza 1906, mji ukaanzishwa 1910. Mwanzo watu walikuwa wanaletwa kwa mikataba mifupi, wanachoka, wanakufa kwa magonjwa, wanakimbia. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadili siasa: mkataba wa miaka mitatu, njoo na mke wako, nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali, shule ya watoto. Haikuwa huruma. Walipiga hesabu wakaona mtu anayekaa anajifunza kazi, na anayejifunza kazi anatoa shaba zaidi. Ofisi yao ya wafanyakazi ilijua mtu ana watoto wangapi, mke anapika nini, nani amekosa kazi na kwa nini. Faili zilijaa.

Hata hivyo, Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu, wafanyakazi waligoma kudai mshahara, na askari wakawapiga risasi hapa hapa mjini kwenye uwanja wa mpira. Ofisi iliyojua kila kitu juu ya watu haikuwasikia watu. Mkiingia kazi hii, muwe na masikio, na mnachosikia mkipandishe juu kingali kidogo. Mkubwa wenu hatapenda. Mpelekeeni.

Tena 2003, Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipokuwa imelemewa, zaidi ya watu 10,000 waliondoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Familia nyingi mnazozijua zilibadilika mwaka ule. Kupunguza watu ni jambo la kisheria, lina hatua zake. Mtu wa RH ajifunze pia namna ya kuketi na mtu wa miaka hamsini na kitu na kumweleza hesabu yake ya mwisho, polepole, mstari kwa mstari, mpaka aelewe, kisha amweleze tena akiwa na mke wake.

Mwalimu wa Katuba

Mzee, aksanti sana. Hilo la kumweleza tena akiwa na mke wake nalichukua, nitaanza nalo.

Mwana Ruashi

Mzee amesema kweli. Mwalimu, ile ya siku 22 minaenda kuangalia ku karatasi yangu. Miye niko jurnalie, kibarua wa siku, tangu mwaka jana.

Mwalimu wa Katuba

Angalia, na kusanya ushahidi: kadi za kuingilia, karatasi za malipo, majina ya uliotumika nao. Uliza kwanza RH wenu kwa maandishi na kwa heshima, weka nakala. Wasipojibu, ofisi ya Inspekta wa Kazi ipo, na kwenda kule ni haki yako.

Mutoto wa Birere

Salama benye uzi. Mimi niko Goma. Nilikuwa msaidizi wa logistiki katika shirika moja la misaada. Tangu Januari 2025 munajua hali yetu: mji ulichukuliwa, benki zikafunga, na mwaka ule ule pesa za Marekani zilikatwa, miradi mingi ikasimama. Wenzangu wengi wako nyumbani. Nina ndugu Lubumbashi, nafikiria kuhamia huko. Nilisaidia RH yetu sana kwa kupanga safari za wafanyakazi na kuajiri walinzi. Hiyo inahesabika mbele ya kampuni za migodi?

Mwalimu wa Katuba

Pole sana ndugu, wewe na watu wa Goma na Bukavu. Tunawafikiria.

Inahesabika, lakini lazima uitafsiri kwa lugha ya huku. Watu wa mashirika wana mambo ambayo kampuni za hapa ni dhaifu: tangazo la kazi linalobandikwa wazi, kamati ya kuchagua yenye kumbukumbu zilizotiwa sahihi, karatasi za saa kwa kila mradi, ukaguzi wa mfadhili ambao hauachi hata risiti ya teksi, na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono kazini yenye njia ya kutoa taarifa. Hayo ya mwisho migodini yanahitajika vibaya. Kuhamisha wafanyakazi wakati wa hatari, kama ulifanya, ni ujuzi mkubwa wa usalama wa watu, usiufiche chini ya neno "logistiki."

Utakachokuta kipya ni vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu na wajumbe waliochaguliwa, mikataba ya pamoja, ratiba za kupokezana, na sheria ya kazi za kandarasi ndogo nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017, ambayo inaweka kandarasi hizo mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kwa sababu yake kampuni nyingi za kandarasi zimefunguliwa hapa, na nyingi hazina hata mtu mmoja wa RH. Ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mgeni: mshahara si mkubwa, lakini utafanya kila kitu, mikataba, CNSS, nidhamu, mishahara, na utajifunza haraka. Anayeanzia kampuni kubwa mara nyingi anawekwa kwenye meza ya likizo akakaa pale.

Mkalimani wa Bel-Air

Nami niseme. Natafsiri Kichina na Kifaransa kwenye kampuni. Bila kuitwa RH nimekuwa nikifanya RH: ninasoma mkataba kwa mfanyakazi, ninamweleza Mchina kwa nini watu wameacha vifaa chini, ninakaa katikati. Ugumu ni kwamba mkalimani anatakiwa aseme yaliyosemwa tu. Nikiona mkubwa anatoa amri iliyo kinyume cha sheria ya nchi, natafsiri au nanyamaza?

Mwalimu wa Katuba

Tafsiri kama ilivyo, kisha useme kwa sauti yako, ukiwaambia wazi kwamba sasa ni wewe unayesema: "Bwana, sheria ya Kongo hairuhusu, kifungu ni hiki." Wageni wengi hawaijui sheria yetu kwa sababu hakuna aliyewaeleza kwa lugha yao. Mtu anayeweza kuieleza Sheria ya Kazi kwa Kichina sawasawa hapa mjini ni wa thamani sana. Omba wakupe cheo cha kazi unayoifanya, na uombe ukiwa umeshaandaa maelezo ya kazi hiyo kwenye ukurasa mmoja.

Karani wa Stoo

Na mafunzo tunayapata wapi bila kuuza kiwanja?

Mwalimu wa Katuba

Anza na INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, wana ofisi hapa Lubumbashi. Wengi hawajui kwamba waajiri wanaichangia kila mwezi kutoka kwenye jumla ya mishahara: kampuni ndogo asilimia 3, za kati 2, kubwa 1. Yaani mwajiri wako wa sasa ameshalipa sehemu ya mafunzo. Mwandikie ukiomba upelekwe, eleza faida atakayoipata yeye. Akikataa, nenda mwenyewe uulize ratiba yao ya uongozi na RH. Pia jitolee ndani ya kampuni uliyomo: kusaidia RH mwisho wa mwezi wakati wa kufunga mishahara, wakati kila mtu pale anazama. Hakuna darasa linalofundisha kuliko usiku wa kufunga mishahara. Na njia ya kuhamia idara ndani ya kampuni ni fupi kuliko kuanza mlangoni kwa watu wasiokujua.

Dada wa Mabarozi

Mwalimu, jambo la mwisho kabla sijaandika barua. Nina ndugu wengi, na bado nina wakwe. Wakisikia niko RH, simu haitalala. Unafanyaje?

Mwalimu wa Katuba

Dada, hili ndilo jaribu kubwa kuliko sheria na hesabu zote, nami nashukuru umeliuliza hadharani. Hapa kwetu mtu akipata kiti, ukoo mzima umepata kiti. Si ubaya, ndivyo tulivyosomeshwa, kwa michango ya wajomba. Lakini mtoto wa shangazi akiingia kwa mlango wa nyuma, wafanyakazi wanajua siku hiyo hiyo, na kuanzia hapo kila onyo utakaloandika watasema "angemwonya ndugu yake?"

Mimi nilikaa na wazee wa familia kabla sijaanza, sikungoja simu. Niliwaambia: nafasi zikitangazwa nitawatumia tangazo nyote, siku ile ile linapobandikwa, si kabla. Nitamsaidia yeyote kuandika wasifu wake na kujiandaa kwa mahojiano, jioni, nyumbani kwangu, hata wasio ndugu. Wasio na kazi wajiandikishe ONEM, ofisi ya taifa ya ajira. Na ndugu yangu akiomba kazi kwetu, ninaandika barua kwa mkurugenzi kusema huyu ni ndugu yangu, ninatoka kwenye kamati, sioni faili wala alama. Wengine walinuna. Mjomba mmoja bado hanisalimii vizuri, na inaniuma. Lakini vijana wawili wa ukoo wamepata kazi kwingine kwa wasifu tuliouandika pamoja mezani.

Tukija kwenye barua yako, usiandike "muuguzi anayetafuta mabadiliko." Andika unachofanya kwa maneno ya RH: umepanga zamu za watu wangapi, umetunza mafaili mangapi ya siri, umeshirikiana vipi na wakubwa kuhusu likizo za ugonjwa na kurudi kazini baada ya ajali, umefundisha wauguzi wapya wangapi. Nambari za kweli tu. Kisha mstari mmoja kwamba unasoma Sheria ya Kazi, na uwe unaisoma kweli, kwa sababu watakuuliza. Omba nafasi ya afya na usalama kazini au ya utawala wa wafanyakazi kwanza. Huko uuguzi wako ni nguvu, na kutoka huko mlango wa RH uko jirani.

Ukishaandika nitumie kwa ujumbe, nitakusomea Jumamosi.

Dada wa Mabarozi

Nimeshaanza. Kifungu cha siku 22 nimekipata, na cha muda wa majaribio. Sasa niko kwenye likizo.